Bomba Lisilo na Maji

Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kaskazini ya mbali, kule ambako mito huganda mpaka watu huivuka kwa miguu. Alipohamia Guangzhou aliambiwa huku hakuna baridi, akaamini, na majira yake ya kwanza ya baridi yakamtoa machozi. Baridi ya kusini haina theluji. Ni baridi ya majimaji. Inaingia kwenye godoro, kwenye nguo zilizokunjwa, kwenye mifupa ya vidole, na nyumba za huku hazikujengwa kwa kuizuia. Basi akafunga boila ya gesi jikoni, akatoboa kuta, akapitisha mabomba chumba kwa chumba, na chini ya kila dirisha akaweka rejeta nzito ya chuma, mfano wa zile za malori, ila nyeupe. Madirisha yenyewe akayaziba kwa mpira pembe zote, kama wafanyavyo kwao. Kisha akaenda kuishi kwa mwanawe, na nyumba akaipangisha.

Nassor aliichukua kwa sababu ilikuwa mtaa wa Xiaobei, hatua chache tu kutoka ofisi yake ya kusafirisha mizigo katika jengo la Tianxiu. Mkewe, Mwanahija, aliyekuwa akinunua magauni soko la Shisanhang na kuyapeleka Unguja, aliyatazama yale mabomba akacheka.

"Nassor, tumekuja kuishi ndani ya lori?"

Lakini mtoto alipozaliwa kabla ya siku zake, njiti wa kutosha kwenye viganja viwili, hakuna aliyecheka tena. Daktari aliwaruhusu kutoka hospitali kwa sharti moja: joto. Mtoto huyu, alisema, adui yake ni baridi. Akishikwa na baridi hata alasiri moja, mtamrudisha hapa, na sijui kama mtaondoka naye. Nassor akaapa kwamba nyumba yake ndiyo pekee mtaani yenye mabomba ya moto. Wiki ya pili mambo ya kontena yakamwita Unguja, hakuwa na jinsi, akampigia simu dada yake wa mwisho.

Dada huyo ni Swalha. Alikuwa akisoma shahada ya pili ya kemia katika chuo kimoja cha mji huohuo, na likizo ya baridi ilikuwa imeanza. Swalha alikuwa msichana wa haya. Darasani aliandika jibu kwenye pembe ya daftari badala ya kunyoosha mkono. Sokoni Yide Lu alilipa bei ya kwanza aliyotajiwa, kwa sababu kubishana na mtu mzima kulimpa joto la uso. Lakini moyo wake ulikuwa laini kama mkate wa mofa uliotoka jikoni, na alipompakata yule mtoto, Murshid, akaona vidole vyake vyembamba kama njiti za kiberiti vikimshika kidole gumba, aliona kama amepewa amana na Mungu mwenyewe. Kitanda cha mtoto alikisogeza karibu na rejeta ya chumbani, chini ya dirisha, mahali penye joto kuliko pote.

Asubuhi moja alikuwa anafagia ukumbi. Boila ilikuwa inanguruma kwa sauti ya chini jikoni. Akasikia: ko, ko, ko. Kisha kimya, kimya cha mtu anayesubiri. Ko, ko, ko.

"Karibu!" alisema Swalha bila kuinua kichwa, kama ambavyo angesema kwao Mkunazini, akaenda kufungua na ufagio mkononi.

Hakukuwa na mtu. Korido ya ghorofa ya tisa ilikuwa giza. Taa zake ni zile zinazowaka zenyewe zikisikia hatua, na hazikuwa zimewaka. Ina maana hakuna aliyepita.

"Nani huyo, wifi?" Mwanahija aliuliza kutoka kitandani.

"Hapana mtu."

"Sasa umemkaribisha nani?"

Wakacheka wote wawili, mmoja ukumbini, mmoja chumbani. Hapo ndipo kukagongwa tena, na safari hii sauti haikutoka mlangoni. Ilitoka nyuma ya Swalha, ndani ya nyumba, kwenye rejeta ya ukumbini. Ko, ko, ko.

Kicheko cha Mwanahija kilikatika kama uzi.

"Wifi," alisema polepole, "bomba limebisha hodi, na wewe umelikaribisha."

Swalha alimweleza kwamba chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hujikunyata, na mahali kinapopenya ukutani hukwaruza na kugonga. Pengine kuna hewa imenasa ndani, maji yakipita yanaisukuma. Ni jambo linalojulikana. Mwanahija alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Na hewa hiyo imefunzwa na nani adabu?"

Maana kwa kweli lilikuwa na adabu. Liligonga mara tatu, likanyamaza. Likagonga tena, likanyamaza. Likamalizia la mwisho, kisha basi, kama mgeni aliyelelewa vyema, anayejua kwamba hodi ni tatu na asiyejibiwa huenda zake. Halikugonga walipokuwa wakizungumza na Nassor kwenye simu. Halikugonga televisheni ikiwa imewashwa. Lilingoja nyumba itulie. Na lilikuwa linasogea. Siku za mwanzo lilikuwa ukumbini, kisha likawa kwenye bomba linalopita juu ya mlango wa choo, na Ijumaa moja, Swalha akiwa anakunja nepi, lilibisha kwenye rejeta ya chumbani, karibu na kichwa cha mtoto. Murshid, ambaye kijiko kikianguka jikoni alirusha mikono yote miwili, alishtuka akalia. Mwanahija alimnyakua, na mkono wake mwingine ukaenda chini ya mto, kwenye kisu kilicholazwa pale tangu siku ya kutoka hospitali, kama iwekwavyo kinga kwa kila mzazi ambaye arobaini yake haijatimia.

Aliyekuja kumkanda mzazi kila asubuhi alikuwa Bi Faudhia, mwanamke wa Unguja aliyekaa Guangzhou miaka mingi kuliko wote, mwenye umbo la kujaza mlango na sauti ya kujaza soko. Wachina walimwita laoban, bosi, naye aliitikia kama jina lake la kuzaliwa. Hakukuwa na mwanamke wa Kitanzania aliyezalia mji ule ambaye Bi Faudhia hakumkanda kwa maji ya moto, hakumfunga tumbo kwa kanga, wala hakumlisha uji wa pilipili manga, na shukrani aliyoichukua ilikuwa dua tu.

Asubuhi iliyofuata lilipogonga tena, Bi Faudhia alikuwa ameushika mgongo wa Mwanahija kwa taulo linalotoa mvuke. Alisimama. Maji yakawa yanadondoka sakafuni. Midomo yake ikacheza kwa kusoma kimya kimya mpaka lilipomaliza la tatu.

"Hili limeanza lini?"

"Tangu wifi aliposema karibu," alisema Mwanahija.

Swalha alitamani sakafu ipasuke.

"Swalha! Hukulelewa? Mzazi yumo ndani ya arobaini, mwili wake ni nyumba isiyo mlango, na wewe unamkaribisha usiyemwona?"

"Nimezoea tu, Bi Faudhia. Sikujua."

"Mazoea yana taabu. Basi sikilizeni. Kuanzia leo likibisha, asijibu mtu. Msiliitikie, msilitazame. Na mwenye nyumba aambiwe alete fundi alifunge domo."

Fundi alikuja kesho yake, mtu mwembamba aitwaye Chen, na sigara isiyowashwa sikioni. Swalha alimwita shifu, kama waitwavyo mafundi wote huku, na kwa Kichina chake cha darasani akamweleza juu ya kelele, bila kutaja hodi. Fundi Chen alitega sikio. Kimya. Aligusa mabomba, akafungua boila, akatia kidole, akakitazama kidole.

"Pampu imechoka," alisema. "Na hewa imejaa. Nitaichukua nikaiangalie dukani."

"Na nyingine ya kuazima kwa leo?"

"Mei you." Neno hili, hakuna, ndilo linalofunga milango yote ya Guangzhou, likishasemwa hata Bi Faudhia haendelei kubisha. Mwaka Mpya wao ulikuwa umekaribia, maduka ya vipuri yalikuwa yanafunga, mafundi wanawahi treni za kurudi kwao. Angerudi kesho mchana, aliahidi. Alifunga gesi. Akafungulia maji yote ya ndani ya mabomba yakatoka kupitia mpira hadi bafuni, meusi kama kahawa iliyolala, yakanuka kutu, yakaisha kwa kukoroma. Akaing'oa pampu na kuitia mfukoni mwa begi.

"Sasa ni vyuma vitupu," alimwambia Swalha akivaa viatu mlangoni. "Hata wewe ukitaka vigonge, havina cha kugongea."

Swalha alipotafsiri, Bi Faudhia alipumua kwa nguvu. "Alhamdulillahi. Limekata roho."

Lakini joto nalo lilikata roho. Mvua nyembamba ilianza, ile isiyosikika, inayoning'inia tu hewani. Kufikia adhuhuri pumzi zao zilionekana. Swalha aliagiza hita ya umeme kwa simu, akajibiwa kwamba kwa sababu ya sikukuu italetwa kesho kutwa. Alizunguka maduka ya chini, akakuta milango ya chuma imeteremshwa. Aliporudi alimkuta Mwanahija amejifunika mablanketi mawili na Murshid kifuani, macho yamemtoka.

"Mshike miguu, wifi. Mshike."

Miguu ya mtoto ilikuwa baridi kama samaki. Kucha zake zilikuwa za kibuluu.

"Haya, ondokeni njiani," alisema Bi Faudhia. Alikuwa ameingia nyuma ya Swalha amebeba karai la chuma limefunikwa, na harufu ya makaa ilimtangulia. Aliyapata kwa Waislamu wa magharibi ya China wanaochoma mishkaki ya kondoo pale mtaani. Yalikuwa mekundu tayari. "Sisi tulizaliwa kwenye nyumba zenye hita? Kitanda cha kamba, makaa uvunguni, na mzazi anatoka arobaini anang'ara kama mwari. Huyu mtoto atapata joto hata alichoke."

Alilitua karai juu ya matofali mawili kwenye miguu ya kitanda. Akatia mengine kwenye chetezo, akanyunyiza ubani na udi. Moshi mtamu ukapanda, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Mwanahija alifunua uso.

Swalha alisimama mlangoni. Alijua. Alilijua lile linalotoka kwenye makaa kwa jina lake na kwa alama zake, kaboni moja na oksijeni moja, lisilo na rangi wala harufu. Lilikuwa jambo la mwaka wa kwanza. Alivuka chumba, akavuta pazia, akafungua dirisha upana wa kiganja.

"We!" Bi Faudhia alimkabili. "Upepo? Kwa mzazi? Unataka kumuua?"

"Bi Faudhia, moshi wa makaa..."

"Moshi upi? Unauona moshi? Makaa yameshaiva, mwanangu. Mimi naota makaa tangu mama yako hajaolewa." Akalifunga dirisha, na ule mpira wa mtu wa kaskazini ukashika kwa sauti ya busu. "Chuo kizuri, lakini si kila jambo la chuoni. Hebu tazama."

Swalha akatazama. Vidole vya Murshid vilikuwa vinarudi rangi. Mwanahija alikuwa anatabasamu, machozi yanamlengalenga. Ningesema neno gani, alijiuliza Swalha, na nani angenisikia? Joto likampanda usoni. Akajiambia kwamba atalifungua tena baadaye, Bi Faudhia akishaondoka.

Bi Faudhia aliondoka alasiri, kuwahi kufunga mizigo kabla ghala halijafungwa kwa sikukuu. "Nusu saa tu nakuja," alisema. "Dirisha usiguse. Nakuamini."

Na Swalha, aliyeaminiwa, hakuligusa.

Aliketi kwenye mkeka kando ya mlango. Mvua, mwanga wa kijivu, harufu ya udi kama nyumba ya harusi. Mwanahija alikuwa amelala. Murshid alilala kitandani kwake chini ya dirisha, kofia ya sufi hadi kwenye nyusi. Na walipendeza! Hilo ndilo lililomkaa Swalha moyoni baadaye, kwamba walipendeza. Mashavu ya mtoto yalikuwa mekundu kama komamanga. Midomo ya Mwanahija ilikoza kama ya mtu aliyetafuna tambuu. Swalha aliwatazama akafurahi. Kichwa kilikuwa kinambana kidogo, kama kilemba kilichofungwa na mtu mwenye hasira, lakini alikuwa hajalala vizuri siku kadhaa. Alifungua simu asome, herufi zikawa zinamkimbia. Akaiweka chini. Wacha nifumbe macho kidogo, alijisemea.

Ko, ko, ko.

Alifumbua macho. Sauti ilikuwa imetoka chini ya dirisha.

Akayakumbuka maji meusi, na jinsi yalivyokoroma yakiisha. Akaikumbuka pampu ikiingia kwenye begi. Boila ilikuwa kimya jikoni, gesi imefungwa, chuma chote cha nyumba ile baridi tangu asubuhi.

Ko, ko, ko.

Asijibu mtu, alisema Bi Faudhia. Msilitazame. Swalha aliinamisha uso, akashikilia ukingo wa mkeka. Moyo ulikuwa unampiga mpaka masikioni, lakini kwa mbali, kama moyo wa mtu mwingine.

Ko, ko, ko.

Imekwisha, alijiambia. La tatu limepita. Mwenye adabu huenda zake. Akangoja. Mvua ilining'inia nje. Usingizi ulikuwa unarudi, mzito, mtamu, ukimpanda kutoka miguuni kama maji ya ufuoni, na hofu yenyewe ilikuwa inayeyuka ndani yake.

Ndipo likagonga mara ya nne.

Na hili halikuwa hodi. Liligonga kama mtu anavyogonga mlango wa nyumba inayoungua, bila kupumua, bila kuhesabu, chuma juu ya chuma, mpaka kioo cha dirisha kikalia na kitanda cha mtoto kikaanza kutetemeka kwenye magurudumu yake. Swalha aliinua uso akatazama. Hakuona mtu. Aliona rejeta nyeupe, na pazia limetulia, na kitanda kinatetemeka. Na ndani ya kitanda, Murshid, mtoto wa kushtushwa na kijiko, hakutikisika hata kope.

Alitaka kusimama, akaanguka. Akaenda kwa kutambaa. Karai la makaa lilimchoma ubavu alipolipita. Alijivuta kwenye mbao za kitanda, akamnyanyua mtoto, na mtoto akaja kama nguo iliyoloa, shingo haina mwenyewe, mikono inaning'inia. Bega la Swalha lilikuwa limegusa rejeta. Ilikuwa baridi kama jiwe la kaburi, na ilikuwa inagonga.

"Wifi!" alipiga kelele. "Wifi, amka! Mwanahija!"

Hakuwahi kuisikia sauti ile, haikuwa yake. Mwanahija hakujibu.

Alishika kitasa cha dirisha. Mpira ulikuwa umeng'ang'ania. Alivuta, akavuta kwa uzito wote wa mwili wake mpaka kikaachia, na Guangzhou yote ikaingia kwa mara moja: mvua, pembe za magari, harufu ya mafuta ya kukaangia, baridi. Akautoa uso wa mtoto nje kwenye ile baridi waliyokuwa wakiikimbia siku zote, akampuliza, akamsugua mgongo.

Nyumba za upande huo zimejengwa karibu kiasi cha watu kupeana mikono. Dirishani mkabala, mama mmoja wa Kichina aliyekuwa anatundika soseji zake za sikukuu alimwona, akatoa macho.

"Wewe! Mtoto mchanga! Upepo huo! Mwingize ndani!"

"Moto wa makaa!" Swalha alimlilia kwa Kichina. "Sumu! Mama yake haamki! Piga simu, shangazi, piga simu waje!"

Soseji zilianguka ghorofa zote hadi chini. Yule mama alikuwa ameshatoweka dirishani.

Swalha alimlaza mtoto juu ya kizingiti cha dirisha, mkono mmoja juu yake, na kwa mkono wa pili akamvuta Mwanahija kwa shuka mpaka kichwa chake kikawa chini ya dirisha. Kisha akamrudia Murshid. Midomo bado ilikuwa mizuri, myekundu. Kifua hakionekani kupanda. "Bwana mdogo," alimnong'oneza, "bwana mdogo, baba, hebu nikasirikie kidogo." Tone la mvua likaanguka kwenye kope lake. Uso ule mdogo ukajikunja, ukajikunja zaidi, na sauti ikatoka, nyembamba, chafu, ya paka aliyekanyagwa mkia. Swalha alikaa chini akalia naye. Ulipita muda kidogo kabla hajatambua kwamba rejeta imeacha kugonga.

Hospitali ilikuwa ile ile na daktari yule yule, na maneno yake Swalha aliyasikiliza kichwa chini. Mama na mtoto walipewa hewa safi kwa mipira puani. Yeye pia. Kesho yake daktari alisema watapona wote, na mara hii alisema hivyo bila kuongeza lakini.

Bi Faudhia alikaa kwenye korido ya hospitali, mkubwa, kimya, kanga mdomoni. Alipomwona Swalha alisimama kwa shida.

"Nimewakalisha makaa wazazi wa Unguja nzima," alisema. "Nimewakalisha mabinti zangu. Hakuna aliyepata hata kikohozi. Nimewafanya nini nyinyi?"

"Kwetu nyumba zina matundu, Bi Faudhia," alisema Swalha. "Juu ya milango, chini ya bati. Zinapumua zenyewe. Hii ilikuwa imezibwa." Joto likampanda usoni kama kawaida yake, lakini akaendelea. "Makaa hayaingii tena ndani mle. Hata chetezo. Ukija kumkanda, njoo na mikono yako tu."

Bi Faudhia alijifunga kanga vizuri. "Sawa, mama," alisema, kama mtu anayemjibu mkubwa wake.

Nassor alikuwa njiani kurudi. Kwenye simu aliuliza swali moja kwa namna tatu: uliamkaje? Swalha alisema alijisikia vibaya, basi akaamka. Mwanahija alikuwa amelala kitanda cha pili, uso ukutani. Simu ilipokatwa aligeuka.

"Umemdanganya kaka yako."

"Ningemwambia nini?"

"Mimi nililisikia," alisema Mwanahija. "Nilikokuwa, huko chini, nililisikia linagonga. Nilitaka kusema fungueni, mtu anataka kuingia. Ulimi ukakataa. Halafu nikaona si kuingia. Linataka sisi tutoke."

Hawakulizungumza tena.

Siku ya kurudi nyumbani fundi Chen alikuwa ameshafunga pampu na kujaza maji. Rejeta zilikuwa moto sawasawa, hakuna tone, hakuna mlio. Kila bomba lilipopenya ukuta alikuwa amelizungushia mpira laini. Alijivunia kazi yake.

"Sasa unaweza kusikia sindano," alisema.

"Shifu," Swalha alimuuliza, "bomba lisilo na maji linaweza kugonga?"

"Bomba tupu? Hapana. Labda umesikia wa juu."

"Juu yetu ni paa."

Fundi Chen alitazama dari, akatafuta sigara yake sikioni, hakuiona. "Basi labda upepo," alisema, akachukua begi lake upesi kuliko alivyolileta.

Mwanahija alisimama katikati ya chumba na Murshid begani, hajakaa popote, kama mtu aliyefika ugenini. Alikuwa amekwisha kusema hospitalini kwamba halali tena mle, afadhali chumba cha baridi kwa mtu mwingine. Swalha ndiye aliyesema wanarudi, kwa sababu daktari amesema joto, na joto liko hapa. Sasa aliinama kufuta majivu yaliyobaki, na alipofika chini ya dirisha akaona kitu. Kwenye ubavu wa rejeta rangi nyeupe ilikuwa imebanduka, doa la ukubwa wa ncha ya kidole, na chuma cha chini kinang'aa, kipya. Vipande vya rangi vilikuwa sakafuni, vyembamba kama maganda ya yai. Doa halikuwa kwenye maungio, wala mahali bomba linapogusa ukuta. Lilikuwa upande wa chumbani, usawa wa kichwa cha mtoto aliyelala.

Alivikusanya vile vipande kwa kitambaa kibichi.

"Nini hicho?" aliuliza Mwanahija.

Swalha angeweza kusema ni vumbi. "Rangi imetoka."

"Wapi?"

"Hapa. Upande aliokuwa amelala."

Mwanahija alikuja akapiga magoti taratibu, kwa mwili wa mtu ambaye bado ni mgonjwa. Hakuligusa lile doa. Alilitazama muda mrefu, mtoto anapumua shingoni mwake, na pumzi ile, ambayo sasa wote wawili walikuwa wamejifunza kuisikiliza hata katikati ya maneno, ilikwenda na kurudi, ilikwenda na kurudi.

"Kilete kitanda chake, wifi," alisema hatimaye. "Kiweke pale pale. Na dirisha liache wazi kidogo."

Swalha akalifungua, akaenda kukileta.